Hamjambo ya Mama Akello

Mdogo wangu Mwanaidi,

Asubuhi nimepika chai ya tangawizi, nikaweka vikombe viwili kabla sijakumbuka kuwa uko Jinja. Kimoja sukari vijiko vitatu, kingine bila sukari kabisa. Vyote ni vyako.

Unamkumbuka Mama Akello, jirani yetu hapa Bugolobi, mke wa yule polisi? Kila siku alipokukuta ukianika nguo peke yako, alikuwa akisema, "Hamjambo, Mwanaidi?" Nami, binti wa mwalimu wa madrasa, najidai na Kiswahili cha pwani cha mababu, nikamsahihisha: mtu mmoja ni hujambo.

"Dada, hapana sumbua mimi na kitabu," alinijibu. "Mimi nasalimia watu yote."

Ulicheka hadi vibanio vikakudondoka. Sikujua unacheka nini.

Siku hizo nilikufokea. Kwa nini jana ulimwaga chai ya sukari na leo unaikomba kama mtoto? Vipi hukumbuki tulikwenda Port Bell kula samaki? Nikasema unajifanya. Shangazi akasema una jini, ukasomewa wiki nzima. Hakutoka jini yeyote. Uliyetoka ni wewe, na begi lako.

Daktari wako aliponiita, kwa ruhusa yako, ndipo nikaelewa. Uliyotendewa utotoni yalikuwa mazito mno kwa mtoto mmoja, akili yako ikayagawia watu kadhaa ndani yako: mmoja akabeba hofu, mwingine hasira, ili wewe uweze kwenda shule. Hakuna wa kufukuzwa, alisema. Tiba ni mazungumzo, ya miaka, mpaka wote wajuane na wajione salama. Nikauliza mimi nifanye nini.

"Wasalimie," akasema.

Nilitahayari. Mama Akello alikuwa ameshaanza tiba zamani, bila kujua.

Nilikukosea, Mwanaidi, nisamehe. Nakupenda, pamoja na yule mkali ambaye najua bado ana kinyongo nami. Ana haki.

Jana basi nikajikaza, sarufi nikaitupa kule, nikakuandikia kwenye simu: "Hamjambo?" Tangu uondoke umekuwa ukinijibu "sijambo" tu, kama mtu anayefunga mlango. Safari hii jibu lilichelewa hadi chai ikapoa. Kisha likaja: "Hatujambo, dada. Tutakuja Idi. Yule mdogo anataka mandazi."

Nililia, nikacheka, nikaenda kununua unga. Mama Akello akaniona nao mlangoni, nikamwambia mnakuja, akauliza, "Wanakuja ngapi?"

Nikamwambia, wote.

Njooni salama.

Dada yenu