Kitabu Chako cha Punda Kimetugombanisha

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi nilichokisikia tulipozungumza mara ya mwisho kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Unakula? Usinijibu "nakula" tu halafu ukabadilisha mazungumzo, maana nakujua, na chai na mkate si chakula cha mtu mzima anayesimama maabara kutwa nzima.

Sisi huku wazima. Mgongo wa Baba humsumbua asubuhi, ukishapata joto unatulia, na ukishatulia anasahau kuwa ulimuuma, anainua kochi la watu watatu peke yake. Mama amepata miwani mipya. Sasa anaona mpaka vumbi ambalo mimi sikuwa na habari nalo, kwa hiyo amani ndani ya nyumba imepungua kidogo.

Kitabu kilifika salama. Yule mwenzako wa kazini alikileta mwenyewe hadi karakanani, akaketi kwenye kochi la mteja ambalo lilikuwa halijawekewa sponji, springi ikamchoma, akacheka. Tumempenda sana. Ndani tukakuta kikaratasi chako: tusome wote, kisha tukuambie tunaonaje. Basi leo nakuambia, na ukae vizuri, kwa sababu kitabu chako kimetugombanisha.

Kwanza nikukumbushe kisa chenyewe, maana huku kila mtu ana chake. Punda anazungusha kinu cha kukamua mafuta. Mchana kutwa anazunguka pale pale, na usiku anaota uwanda wa majani mabichi ambao hajawahi kuuona. Siku moja anaondoka. Anapita mabonde na miji, wanaomwona wanamwambia arudi kwenye kinu chake, anashikwa na njaa, anaanguka mtaroni, anatoka, na mwishowe anaufikia uwanda wake na kugaagaa kwenye majani. Sikudhani kitabu chembamba hivi, chenye picha ya punda kwenye jalada, kingeweza kuwanyima watu wazima usingizi.

Tulikuwa tunakisoma karakanani mchana, nikipumzika na cherehani. Mimi nasoma kwa sauti, Baba anaendelea na kazi. Sasa unajua kazi yetu ilivyo. Kochi likija, kwanza Baba hung'oa misumari ya zamani, na kung'oa hakuna kelele. Kisha huanza kupigilia, na hapo hata ukipiga kelele za moto hasikii. Mimi nilikuwa nasoma mfululizo, macho kitabuni, simwangalii. Kwa hiyo Baba alisikia habari za kinu, ikaja nyundo. Akasikia habari za mtaro, ikaja nyundo tena mpaka kitabu kikaisha. Wiki nzima alitembea na uso wa msiba akijua kwamba punda amefia mtaroni.

Wala hatukugundua. Tulimwona tu anaacha chakula na anajibu kwa kukohoa. Jioni moja akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini tufanye mpango wa nauli ya kukurudisha nyumbani.

"Yuko mtaroni huyu," akasema. "Ameona haya kusema mwenyewe, kamtuma punda aseme."

Mdogo wangu, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu nikayaona macho yake, nikaacha kucheka. Nikaichukua nyundo mkononi mwake, nikamketisha, nikamsomea sura za mwisho neno kwa neno. Alisikiliza mpaka punda anagaagaa. Akashusha pumzi, akauliza kama punda alikikumbuka kinu. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema basi mwandishi hakumaliza kazi, akaomba nyundo yake.

Shemeji yako Refa, aliyebakiwa na jina tu la ndoto yake ya zamani ya kuchezesha mpira, naye ana yake. Alikisoma kwenye lori lake la mitungi ya gesi, akingoja kupakiwa, akarudi nyumbani amevimba. Anasema kitabu kimeandikwa na mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Nani alikuwa anamlisha huyo punda njiani, na watoto wake alimwachia nani? Alizungumza mpaka chakula kikapoa. Nikajua tu kuwa kimemgusa, maana mtu akipuuza kitabu hakitolei hotuba. Jumamosi yake nikapita uwanjani nikitoka kununua uzi, nani namwona kati ya vijana, kaptula mpya, jasho linamtoka, anawatenganisha wawili waliokuwa wanashikana mashati? Nilipomuuliza alijitia hamnazo, akasema alikuwa anapita tu njia yake. Alikuwa anapita na filimbi mdomoni.

Shangazi hajasoma hata ukurasa mmoja, na ndiye mwenye maoni makali kuliko wote. Anasema kitabu kinafundisha utoro. Nilimpa asome kwanza kabla ya kuhukumu, akakaa nacho siku mbili, akanirudishia na kusema jalada linatosha.

Seremala jirani yetu, yule anayetuchongea miguu ya makochi, alikisoma kwa siku moja na kukirudisha kikinuka vanishi. Yeye alimpenda punda. Ila alisema ameondoka bila kuaga, na hilo hawezi kumsamehe hata angefika peponi. Nikamtetea kwa kusema punda haagi. Akanijibu kwamba punda anayejua kuota anajua na kuaga.

Na mimi? Mara ya kwanza nilikipenda, nikakifunga nikiwa na raha moyoni. Mara ya pili nilikasirika. Kitabu kizima kinamsifu aliyeondoka, na wote waliobaki wanaonekana ni wajinga au waoga. Mimi ndiye niliyebaki, Chiriku. Nimebaki kwa hiari yangu. Naamka nikiwa na hamu ya kukalia cherehani, na nikivalisha kochi kitambaa kikakaa kwenye kona bila mkunjo hata mmoja, siku hiyo nzima mimi ni malkia. Hiyo ndiyo ndoto yangu na ninaishi ndani yake, lakini hakuna atakayeiandikia kitabu kwa sababu haina safari. Huyo mwandishi wako ningemkaribisha akae hapa siku moja tu, nimshikishe mkasi.

Sasa nifike kwa Mama, maana ndiko nilikokuwa nakwepa kufika.

Unajua makubaliano yetu. Mkataba wako ukiisha mwisho wa mwaka, unarudi, unashika meza ya kukatia vitambaa na kuzungumza na wateja, Baba anapumzisha mgongo. Tangu uondoke tumekuachia meza hiyo na nafasi yake ya dirishani, hakuna anayeweka kitu pale, hata kopo la gundi. Na kila Jumamosi Mama alikuwa akianika godoro lako juani, mvua isiponyesha. Lakini kitabu kilipofika, alikisoma peke yake jikoni na miwani yake mipya, na Jumamosi iliyofuata godoro halikutoka nje.

Nilijua alichokielewa, kwa kuwa na mimi nilikielewa hivyo hivyo. Wengine walikielewa vingine. Baba alidhani unaomba msaada, Refa alidhani unamsuta. Mimi na Mama ndio tulioona kwamba punda ni wewe, na kwamba unatafuta namna ya kutuambia hutarudi. Siku nyingi Mama alipika na kufua kama kawaida, na mimi nikawa naogopa kumuuliza.

Jumapili iliyopita, baada ya kula, ubishi ukaanza tena. Refa anasema hili, Shangazi anasema lile, Seremala aliyekuja kunywa chai anamtetea punda. Mama akaniomba kitabu. Akafungua pale punda anapoondoka. Sijui kama unapakumbuka. Kitabu kinasema asubuhi ile punda aliikuta kamba imelegea yenyewe shingoni, kwa kuwa wakati wake ulikuwa umefika. Mama akatusomea maneno hayo taratibu, akavua miwani.

"Huyu aliyeandika hajawahi kufunga mnyama," akasema. "Kamba haifunguki yenyewe. Kuna mtu wa nyumba ile aliamka mapema akaifungua, akarudi kulala, akajifanya hajui. Na ndiye aliyelia. Lakini humu ndani hatajwi."

Shangazi aliinuka akaanza kukusanya vikombe, na wewe unajua hilo hutokea mara ngapi. Baba alikuwa anaangalia mikono yake.

Kesho yake Mama alivuka mwenyewe kwenda kwa Seremala, akamleta karakanani, wakakaa watatu na Baba mpaka mchana. Wamekubaliana washirikiane. Seremala atachonga fremu hapa hapa kwetu, Baba atazivalisha vitambaa, na kunyanyua vitu vizito itakuwa kazi ya Seremala na vijana wake. Benchi lake limewekwa dirishani. Meza yako tumeihamishia chumba hiki cha nyuma, na ndiyo ninayoandikia sasa. Nilishika upande mmoja, Baba upande mwingine, na sitakudanganya kwamba nilijikaza, nililia njia nzima kutoka dirishani mpaka mlangoni. Baba aliniambia niangalie mguu wa meza usigonge ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa haoni vizuri.

Chumba chako cha kulala hakijaguswa. Mama anasema nafasi ya dirishani ilikuwa ya kazi, chumba ni cha mtoto, na hivyo ni vitu viwili. Hana kinyongo, Chiriku, nimemchunguza. Jana alinikalisha chini, akasema nikuandikie leo, nisingoje.

"Mwambie kamba nimeifungua mimi," akasema. "Asije akadhani ni bahati."

Basi nimekwambia. Mkataba wako ukiisha, hakuna kazi inayokungoja huku ikikulaumu, na hakuna mgongo wa mtu utakaovunjika kwa ajili yako. Ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kwenda mbali zaidi, nenda, ila utuage, Seremala asije akakuchukia. Na sasa tuambie, maana tumebishana mpaka sauti zimetukauka na hakuna hata mmoja wetu anayejua wewe unaota nini. Unataka kusoma zaidi? Kuna mtu? Umepata kazi nyingine? Hata kama hujui bado, tuambie kwamba hujui. Tuandikie kwa maneno yako mwenyewe, usitutumie mnyama mwingine.

Baba anakusalimu sana, na anauliza kama huko mitaro yao ina vifuniko. Shangazi anakusalimu, anasema usome vitabu vya kazi yako. Refa anakusalimu, juma lijalo anaanza mafunzo ya uamuzi wa mpira, lakini usimwambie kwamba nimekuambia. Wanangu wanamsalimu mama yao mdogo, na yule mdogo sasa anataka punda. Seremala na mkewe wanakusalimu pia. Mama anakuombea kila akiamka, namsikia kupitia ukutani, na jina lako ndilo la kwanza.

Mungu akutangulie unakokwenda na akulinde unapolala, akupe watu wema wa kukutazama ukiugua, na akufanyie wepesi katika lolote utakaloamua.

Hapo nimemaliza niliyotumwa. Hili moja sikutumwa na mtu. Mimi nataka urudi. Nimetaka tangu siku uliyopanda gari, na kila mteja akisukuma mlango jioni mimi hugeuka. Usirudi kwa ajili hiyo, mdogo wangu. Ila nisingeweza kuifunga bahasha hii bila wewe kujua.

Wako akupendaye, leo na siku zote,

Dada yako.