Mzee Aliyeamkia Kwanza

Baba,

Mwangaluka. Nimekuamkia kama kila asubuhi, na kama kila asubuhi tangu tukuzike, huitiki. Sijazoea. Nikipita kaburini kwako nikienda shamba nasimama kidogo, nikingoja uniitikie na kuniita mama kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, mayo, umelalaje?" Halafu najicheka mwenyewe na kuendelea na safari.

Habari za hapa si mbaya. Mama anakula. Fahali wako mwekundu bado ana kiburi, juzi amevunja zizi tena. Kigangoni wamenipa mimi darasa la ubatizo, ati mtoto wa nyoka ni nyoka, kwa hiyo binti wa katekista Mabula lazima awe katekista. Wanadhani umeniachia kipaji. Umeniachia Biblia yenye madoa ya mafuta ya taa na miwani iliyovunjika mkono mmoja.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya hayo. Naandika kwa sababu ya Milembe.

Mwanao mdogo alipata habari za kifo chako akiwa Lamadi, kwa yule mchuuzi wa samaki aliyeondoka naye bila mahari wala kwaheri, ukabaki unasemwa kwamba katekista gani huyu aliyeshindwa kumfundisha binti yake. Hakuja kukuzika. Sasa mwanamume yule amemfukuza, na siku ya mnada mama mmoja anayetuletea dagaa kutoka huko alinifikishia maneno yake. Milembe hakuomba chakula wala nguo. Aliuliza swali moja tu: "Muulize dada, nikija nikamsalimia, ataitikia?"

Swali hilo limenichoma, Baba, kwa sababu najua amelitoa wapi. Alikuwepo mwaka ule wa Masunga.

Unakumbuka soko huria lilivyotuingia. Tulizoea kuuza pamba kwa chama cha msingi peke yake, mara ghafla kila kivuli kina mizani na kila mizani ina kijana mwenye kalamu sikioni. Tulifurahi, na jirani yetu Masunga akafurahi kupita kiasi. Aliimwagia pamba yake maji, akaitia na mchanga ili iongezeke uzito, akaiingiza kwenye ghala tulimokusanya pamba ya kijiji kizima tukimngoja mnunuzi aliyeahidi bei nzuri. Lori lilipofika, pamba ilikuwa imevunda na uvundo umeenea. Mnunuzi aliingiza mkono, akaunusa, akaondoka na lori lake tupu. Tukaja kuuza yote kwa bei ya pamba fifi, ile ya daraja la mwisho. Mama, ambaye alikuwa ameshampata fundi wa kuezeka bati, alirudi kukata nyasi.

Dagashida ikakaa, mkutano wote wa kijiji. Masunga hakukana wala hakukiri, alinyamaza tu, na ukimya wake uliwaudhi wazee kuliko ile pamba. Mzee Gamaya, mwenyekiti, akatangaza adhabu: asipewe moto, asiazimwe jembe, na akimsalimia mtu yeyote, asiitikiwe. Atakayemwitikia atatengwa pamoja naye. Itakuwa hivyo mpaka akiri na kutoa ng'ombe.

Mgeni angedhani kutoitikiwa ni adhabu ya kitoto. Lakini kwetu ukisalimia unaulizwa wewe ni mwana wa nani, unamtaja baba yako, ndipo unaitikiwa kwa jina lake. Asiyeitikiwa hana baba. Nilimwona Masunga akisalimia watu kisimani, nao wakiendelea kusuuza ndoo zao. Mwishowe akaacha kusalimia. Akawa anapita kando ya njia, kwenye miiba, ili asikutane na mtu.

Ndipo Jumapili moja ukafundisha mfano wa mwana mpotevu. Wazee walikuwa na ugomvi wao wa zamani nawe juu ya yule ndama aliyenona. Walisema hakuna Msukuma mwenye akili timamu anayechinja ndama. Ukakubali, ukawa unasema nzagamba, fahali mwenyewe wa zizi, na hapo wakaelewa vizuri yule baba alifurahi kiasi gani. Lakini siku ile uliongeza neno jingine. Ulisema, "Yule kijana alikuwa bado mbali, baba yake akamkimbilia, akamwamkia kwanza." Mabenchi yalilia kwa watu kugeukiana. Mzee amwamkie mtoto? Mzee Gamaya alikohoa kikohozi kile cha kumtaka mtu arekebishe kauli. Hukurekebisha.

Tulipotoka, Masunga alikuwa anapita kwa mbali na ng'ombe wake. Ukapandisha kanzu mpaka magotini, ukakimbia. Wewe, na goti lako lile bovu. Mama akasema, "Mzee huyu leo atatumaliza." Ulimfikia ukihema, ukasema kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mwangaluka, ng'wana Shija."

Ulimtaja kwa jina la baba yake. Fimbo ilimponyoka mkononi. Aliitikia, kisha akakaa chini palepale vumbini akaanza kusema yote, maji, mchanga, hata ndoo aliyoitumia na mahali alipoificha. Wewe ulikuwa ukimwambia, "Basi, basi," naye akakataa kunyamaza.

Dagashida iliyofuata, aliyesimamishwa katikati ni wewe. Mimi na Milembe tulijibanza nyuma ya ghala tukisikiliza, tumeshikana mikono, maana tulijua ukitengwa wewe tumetengwa sote. Mzee Gamaya akakuuliza kama hukuisikia amri. Ukajibu kwa upole wako ule unaoudhi: "Niliisikia na nimeitii. Mlisema akitusalimia tusiitikie. Hakunisalimia. Mimi ndiye niliyemsalimia."

Nadhani kila mzee aliirudia amri kichwani mwake, na wote wakakuta hivyohivyo. Hakuna aliyekumbuka kumkataza mkubwa kumwamkia mdogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Mzee Gamaya alijaribu kukasirika, ikamshinda, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akakulaumu kwamba umeanza nyuma, kwamba mtu hukiri kwanza ndipo akasamehewa. Ukamwambia, "Hata mimi nilidhani hivyo miaka yote niliyofundisha." Masunga akatoa ng'ombe wake, akaliwa, na kesho yake watu wakaitikia salamu zake.

Nilikupenda tangu utoto, Baba, lakini siku ile nilikustaajabia. Ulikuwa umepoteza pamba kama sisi, nyumba yako ilivuja kama zetu, na bado ukakimbia. Masunga ndiye aliyechimba kaburi lako. Wenzake walitaka kumpokea jembe, akakataa.

Basi ningeweza kuishia hapo nikusifu tu. Lakini kumsamehe Masunga hakukunigharimu kitu, ulinifanyia wewe. Milembe ni wangu. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye niliyekunywesha uji ulipokuwa huwezi kuinua mkono, na kila asubuhi uliniuliza kama basi la kutoka Lamadi limepita. Hukuniuliza hata siku moja kama nimechoka. Iliniuma, na nakwambia sasa kwa kuwa sikukwambia wakati ule.

Mfano wako huishia na yule kaka mkubwa amesimama nje, amenuna, ngoma inalia ndani. Niliwahi kukuuliza kama hatimaye aliingia. Ulinijibu, "Hilo halikuandikwa, mayo. Ameachiwa mwenyewe."

Leo mama wa dagaa amerudi kuchukua jibu. Nikamwambia, "Mwambie asinisalimie." Alinitazama vibaya, akajitwisha beseni lake aondoke. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwambie apande basi la asubuhi, na akishuka asifungue mdomo. Mimi ndiye nitakayemwamkia." Mama yetu ameshakubali habari ya fahali mwekundu. Kiburi chake kina siku chache.

Pumzika, Baba. Naamini ulipofika huko hukupata nafasi ya kupiga hodi wala kusalimia, kwamba kuna Mkubwa aliyekuwahi. Nami nakuahidi hivi: basi litakaposimama nitakimbia, hata kitenge kikinifunguka mbele ya watu, nitamwambia mdogo wangu, "Mwangaluka, ng'wana Mabula." Nitamtaja kwa jina lako, ili ajue kwamba bado ana baba.

Mwanao,
Kabula