Ganzi Isiyo ya Uzee

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la watu wengi ni kuusingizia uzee kila kitu. Goti likiuma — uzee. Ukisahau miwani — uzee. Mimi pia nimeusingizia tangu mwaka jana. Leo nimefika nyumbani na kandambili moja! Mguu wa kushoto mtupu, umejaa vumbi, na sikuwa na habari. Mke wangu akauliza nyingine nimemwachia nani. Tukacheka. Yeye aliacha kucheka mapema.

Jumatano, 6 Machi
Nimemweleza nyapara wetu wa kiwandani: ganzi miguu yote miwili, hadi vifundoni, kama nimevaa soksi nene. Akanipiga bega. Mzee wangu, hata gari likichakaa hupunguza mwendo. Kisha akafungua droo, akanipa chupa ya vitamini. Bure! Mtu anayetupimia sabuni kwa kijiko! Na kwa nini vidonge vilikuwa tayari drooni? Sijavimeza.

Ijumaa, 8 Machi
Nijieleze taratibu, kama nilivyowaeleza wanafunzi wa sayansi kabla shule yetu haijafungwa nikaja kubandika viatu. Chumba cha gundi hakina upepo. Madirisha hufungwa ili vumbi lisinate kwenye gundi mbichi, maana kiatu chenye vumbi hurudishwa. Tunapaka, tunabandika soli, kisha tunanawa kwa "maji makali" — kile kiyeyusho cha kulainishia gundi — kwa kuwa sabuni haiing'oi. Tunanawa, tunakwenda kula. Wageni hulalamikia harufu. Sisi tunajisifu hatuisikii tena. Eti tumekomaa!

Neva ni kama nyaya. Viyeyusho vya namna hii vinaweza kuziharibu polepole, na zilizo ndefu huanza: za miguuni. Baadaye mikono. Sukari nilishapima, sina. Lakini nikisema hivyo nyapara atanionyesha mvi zangu tu. Sina la kumjibu.

Jumatatu, 11 Machi
Kasuku kanyamaza. Ndiyo, Kasuku — binti tunayekaa naye benchi moja, tuliyempa jina hilo kwa kutofunga mdomo. Brashi inamponyoka, anaiokota, inamponyoka. Uvivu tu, babu, akasema. Mchana akahangaika na kifungo cha blauzi, akanigeuzia mgongo nisione. Ngazi kapanda kwa kushika ukuta. Mwenzetu mmoja akamtania: jana ulikunywa ya nani, mbona hukutuita? Chumba kizima kikacheka. Mimi nikatazama miguu yake. Inanyanyuka juu kuliko kawaida, inatua kwa kishindo — paa, paa. Kama yangu! Ana miaka ishirini na miwili. Huyu naye ni mzee?

Nikamvuta kando, nikamwambia ninachoshuku. Akaning'ang'ania mkono; naamini alidhani ameubana sana. Vidole vyake havikuwa na nguvu yoyote. Babu, tafadhali usiseme. Wakinifukuza wanangu watakula nini?

Sikumwahidi kitu.

Jumanne, 12 Machi
Nyapara ana habari njema! Nimehamishiwa getini. Kiti chenye mto, kivuli, mshahara uleule. Na saa nne daktari wa kampuni anakuja kunipima — mimi peke yangu. Nilimwomba daktari lini? Nikauliza kama wengine wa chumba cha gundi watapimwa pia. Akatabasamu. Wale vijana, mzee wangu, wana nini wale?

Nimeelewa. Wanataka mgonjwa mmoja, na awe na mvi. Daktari ataandika uzee, nami nitakaa kivulini nikishukuru. Kiti chenyewe kizuri, sikatai. Naandika nikiwa nimekikalia. Kutoka hapa nayaona madirisha yetu. Yamefungwa yote.

Asubuhi Kasuku amepita. Shikamoo babu, umepanda cheo, sasa tutakupigia saluti! Akashika nguzo ya geti asianguke, akaendelea na safari. Kandambili yake moja ikabaki nyuma. Hakugeuka. Alikwenda hadi mlangoni mguu mmoja mtupu, juu ya kokoto, akiwa bado anacheka.

Ninayo hapa magotini. Si uzee. Sasa nina la kumjibu nyapara — lakini jibu lenyewe ni la binti, si langu, na aliniomba ninyamaze.

Honi! Gari la daktari.

Najiambia: mfungulie geti. Kisha mrudishie binti kandambili yake, na umwombe muingie wote wawili kwa daktari.