Mafuta Meusi ya Harusi Yangu

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Huku Kishapu ni mhola, tuko salama. Dada yako amejifungua mtoto wa kiume, nyumba nzima ni vigelegele.

Umeniuliza kama naielewa kazi yako, ya kusafisha kemikali za mimea kwa kichocheo kinachogeuza uchafu tu na kuacha kilicho kizuri. Naielewa kidogo, kwa sababu ya harusi yangu. Mafuta ya pamba tuliyokamua ya kukaangia maandazi yalitoka meusi na machungu, na wageni walikuwa wamekwisha kuondoka Maganzo, wako njiani. Mama akataka kuyamwaga.

“Ngoja,” alisema shangazi yangu Minza. Akayapasha moto, akaanza kutia maji ya magadi. Mimi, kwa haraka, nikataka kumimina yote.

“Taratibu, binti! Ukizidisha, magadi yatakula na mafuta mazuri, tubaki na sabuni.”

Akatia kidogo kidogo, akikoroga polepole. Tulipoyaacha yatulie, weusi ukazama, juu yakabaki mafuta ya rangi ya asali. Tulishangilia mpaka majirani wakaja mbio! Nikaona kwamba anayesafisha hujua pia cha kuacha.

Maandazi yakawa matamu hata babu yako, bwana harusi mwenyewe, akasahau aibu akaomba mengine mbele ya wakwe zake wote.

Mungu aitulize mikono yako kazini.

Bibi yako anayekupenda