Bei ya Nyumbani

3 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo asubuhi huchelewa kuamka kuliko mwenyewe.

Unauliza huku fundi wa vigae analipwa ngapi. Elfu kumi na mbili kwa mita. Usirukeruke, hiyo ni ya mafundi wenyeji. Sisi wa kuja, elfu nane. Mikoa ya kati ni tano, na huko nyumbani mnalipwa tatu na mnasema asante. Kigae ni kilekile, goti ni lilelile. Halafu kwenye hiyo nane toa chumba, maji ya kununua, na kila kigae kitakachovunjika, hata kikivunjwa na buti la fundi rangi.

Usije. Kazi yako mtu akiigonga inalia kama debe, chini ya kigae ni hewa tupu.

Simu yangu imepasuka. Mama akizidiwa, mpigie msimamizi wangu, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kwa ajili ya mama tu.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo ila kelele zake ziko palepale. Pole na magoti.

Barua yako imenichekesha. Nane unaiita shida! Mimi nimetandika sebule ya mwenye duka, kanilipa nusu, nusu nyingine eti nichukue sabuni. Wewe miaka yote unakula nane peke yako, kisha unaniambia nisije. Unaogopa nini? Debe?

Mama anasema uvae soksi mbili.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Mama anaendeleaje?

Msimamizi siku hizi ananitazama kama ndoo iliyotoboka. Jana kaniuliza kwetu mita ni bei gani. Nikamjibu, tatu, na kazi yenyewe ya hovyo. Akacheka, akasema ameshasikia. Kasikia wapi?

Nijibu upesi.

Kaka yako

8 Juni

Kwako fundi wa jijini,

U hali gani? Sisi wazima. Mama haniulizi kitu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilipokuona mlangoni pa jengo nililokuwa nikitandika, na mfuko wa zana za marehemu baba, nilidhani umeleta msiba. Kumbe umeleta bei. Elfu nne, na nafasi yangu ukapewa! Ungetaja sita ungepewa. Hata kumuuza ndugu yako hujui kuuza.

Nimerudi nyumbani, nalala chumbani kwako. Mwenye duka kaniita niitazame sebule yake. Nimegonga, inalia kuanzia mlangoni hadi dirishani. Naing'oa yote, kwa tatu, pesa mkononi, sabuni abaki nayo.

Jana msimamizi kapiga simu ya mama, ileile uliyompigia wewe. Anasema wewe ni ghali, anauliza eti namjua mtu huku wa elfu tatu. Nikamtukana, nikakata. Usinishukuru, sikukutetea wewe, nimechoka na sauti yake. Lakini namba yake umeiandika kwa mkaa ukutani juu ya kitanda, kubwa kama bango, na jirani yetu fundi rangi, anayekuja kila jioni kumjulia hali mama, ameanza kuniuliza kama kutandika vigae ni kazi ngumu.

Kitambaa cha kuifutia namba kipo. Sijaifuta.

Vaa soksi mbili.

Kaka yako