Ndevu za Oola Ndani ya Mpini

Dada Rosalba mpendwa, nitatulie jambo hili, maana mikono yangu inajua kazi lakini moyo umegoma. Mimi ni mzee wa upande wa Kitgum, vita vilinileta Kampala nikiwa bado kijana na sikurudi tena, na hapa Kansanga nafufua nyembe za zamani, zile za kukunja, naondoa kutu, nanoa kwenye jiwe, kisha namalizia kwa mkanda wa ngozi mpaka wembe ukate unywele ulioshikwa kwa vidole viwili. Rafiki yangu Oola, askari mstaafu, tulitoka naye kijiji kimoja, na kila Jumapili kabla ya misa alininyoa nami nikamnyoa, hata kovu dogo la kidevuni mwangu ni la siku alipokuwa akijifunza. Mwaka jana alifariki, nami tangu hapo nimefuga ndevu, watu wakiuliza nawaambia ni uzee. Sasa mjane wake, Lakica, ameniletea wembe wa mumewe ili mwana wao Ojera anyolee asubuhi ya harusi yake mwezi ujao, akasema, "Shemeji, nataka ung'ae kama siku alipoununua." Nikafungua mpini nisafishe kiungo, nikakuta ndani sabuni iliyokauka na vipande vya ndevu nyeupe, ndevu za Oola, nilizomnyoa mimi mwenyewe. Nikizisafisha nimemmwaga rafiki yangu na maji ya karai, nikiziacha kutu itakula kiungo, na Lakica kila akipita namwambia jiwe la kunolea bado linaloweshwa, uongo mtupu, jiwe lile limelowa mpaka samaki wangeweza kuishi humo. Nifanye nini?

Okeny, Kansanga

Mzee Okeny, pole sana kwa rafiki. Sasa nikugombeze. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini Kansanga ina wafufuaji wangapi wa nyembe za kukunja? Lakica akisoma gazeti hili kabla hujamwona, usinilaumu mimi.

Ndevu hizo si zako, Mzee. Ni za mjane na mwanawe, na wewe umekaa nazo kimya ukilisingizia jiwe. Zitoe kwa kibano, zifunge katika kitambaa safi, umpelekee leo. Mwambie tu, "Shemeji, hizi nimezikuta." Akitaka kwenda kuzizika kwao, akitaka kuziweka kabatini, akitaka kuzitupa, hilo ni lake. Asikie kwako, aamue, kisha urudi ukasugue kutu kama fundi.

Halafu kuna bwana harusi. Huyo Ojera amewahi kushika wembe wa namna hiyo? Vijana wetu wamezoea mashine ya saluni. Akianza kujifunza asubuhi ya harusi, atafika kanisani amebandika vipande vya karatasi usoni, na picha zitabaki kwa wajukuu. Mfundishe mapema.

Mfundishe wapi? Hapo ndipo nilipotabasamu. Ndevu zako si uzee, Mzee. Wazee wananyolewa kila siku. Zako zinamngoja mtu, na mtu huyo hatakuja.

Basi wembe ukishang'aa na kupitishwa spiriti, mwite kijana. Keti kitini, jifunge taulo, umpe shavu. Koo mnyime mpaka mkono utulie. Akikukata kidogo, vumilia. Kidevu chako kimeshauzoea ukoo huo.