Kicheko cha Neema

Dada Nakijwa,

Sijui kama huko uliko barua zinafika. Nakuandikia kwa sababu mtoto wako amenishinda, na sina mwingine wa kumuuliza.

Neema hacheki. Tangu tulipokuzika Myamba hajacheka hata mara moja. Watoto wa hapa Hedaru wakianza utani, anaziba mdomo kwa kiganja na kuingia ndani. Nilidhani ni majonzi, nikasema yatapita. Kumbe ni somo lako, dada.

Unazikumbuka kamba zako tatu za katani? Ulizifunga darasani toka ukuta hadi ukuta, ukabana vikaratasi kwa vibanio vya nguo: juu vita na watawala, katikati uvumbuzi, chini mambo ya kwetu Upareni. Reli ya Mjerumani inafika Same, na miaka hiyohiyo Ulaya watu wanajifunza kuruka kwa ndege. Wazee wetu wanajazana Same kuigomea kodi ya mbiru, na mwaka huohuo Vita Kuu ya Pili inakwisha. "Wakati huohuo!" ulikuwa unapaza sauti, mpaka wanafunzi wakakubandika jina hilo. Ulisema mambo yaliyotokea pamoja ni ndugu, hata kama hayajuani. Nami nilikutania kwamba ukoo wako huo utakosa pa kulala.

Sasa mwanao ameyashika maneno yako yote. Juzi alifunga kamba mbili uani. Kwenye ya kwanza akabana karatasi: Mama anakufa njiani. Ya pili: Mimi nacheka kwa mama mdogo. Akaniuliza, "Mama mdogo, kama ni ndugu, si mimi ndiye niliyefanya afe?" Niliingia jikoni nikalia hadi sauti ikaniishia.

Na ni kweli, alikuwa anacheka. Mbuzi wa jirani alikuwa ameondoka na kanga yangu imenasa kwenye pembe zake, nami namkimbiza barabarani bila viatu. Saa hiyo wewe, huko mlimani Myamba, ulikuwa kwenye machela, kifua kimekubana, mlima umeporomoka, gari la wagonjwa limekwama ng'ambo ya tope.

Nilimwambia aongeze kamba ya tatu. Nikamweleza jinsi baragumu lilivyolia kuwaita watu kwenye msaragambo, ingawa haikuwa siku ya kazi ya kijiji. Jinsi walivyofukua barabara kwa majembe huku mvua inawapiga. Hata Mzee Senzia, anayelipa faini ya pombe kila msimu kwa kukwepa msaragambo, siku hiyo alifika wa kwanza, na ndiye aliyekushika kichwa. Neema aliandika yote, akayabana. Kisha akasema, "Walichimba, na bado alikufa."

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kusema ulipiga simu ukakisikia kicheko chake. Lakini mtandao haukuwepo, na anajua. Wewe uliyejua kila kinachofungamana na kingine, mbona hukumfundisha kisichofungamana? Nimekukasirikia. Nimekukasirikia hadi naogopa kupanda Myamba kulipalilia kaburi lako.

Jana nilikuwa nalia tena mbele ya mafiga. Nikajifuta machozi kwa kitambaa cha kuepulia sufuria, masizi yakanienea uso mzima. Neema akaingia, akaniona. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Akaziba mdomo, macho yamemtoka, akanitazama akisubiri nianguke nife.

Sikufa. Nilicheka kwa nguvu, machozi yakinitiririka, nikamshika mikono nikaitoa mdomoni. Hakucheka tena. Alinikagua usoni, kisha akaweka sikio lake kifuani kwangu asikie kama moyo bado unapiga. Akakaa hivyo mpaka ugali ukaungua.

Lala, dada yangu. Sina elimu yako wala jibu lako. Nakuahidi hili tu: kila atakapocheka nitakuwa karibu, aje asikilize.

Mdogo wako,
Elisifa